Mama, Usiogope Neno "Utafiti"

Mada yetu leo ni utafiti wa saratani. Wengi wetu tukisikia neno hilo hushtuka na kusema, "Wanataka kutujaribia dawa." Basi tutazame utafiti mmoja uliofanywa hapa kwetu.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda. Lakini vikikaa mwilini miaka mingi vinaweza kuleta saratani. Chanjo yake ipo. Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, dozi mbili. Tatizo ni kwamba wengi walichanjwa mara ya kwanza, wasirudi kwa dozi ya pili. Je, dozi moja ingetosha?

Swali hilo lilijibiwa na wasichana wetu. Kuanzia Desemba 2018, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwaandikisha wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa dozi moja ya chanjo ya HPV, kila kundi aina yake. La tatu lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na mpango ulikuwa wapewe ya HPV baadaye. Kwa hiyo hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Matokeo yalitolewa Aprili 2022. Baada ya miezi 18, maambukizi ya kudumu ya virusi hivyo hatari yalipatikana kwa wasichana 36 katika kundi la tatu. Katika kila kundi la chanjo ya HPV, alipatikana mmoja tu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike. Mwaka 2025 Kenya nayo ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14.

Fikiria, mama: wasichana hao wangekataa wote, tungepata wapi jibu?

Ukiombwa wewe au mtoto wako kushiriki utafiti, una haki zako:

- Kuelezwa kila kitu kwa lugha unayoielewa.
- Kuuliza faida na madhara yake.
- Kuomba muda ukashauriane na jamaa.
- Kukataa, au kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu.
- Mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kawaida huhitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Asiyekueleza haya, usimtilie sahihi.

Na hata kama hakuna utafiti karibu nawe, mpeleke binti yako akachanjwe katika kituo cha afya cha serikali. Ikiwa anaishi na virusi vya Ukimwi, mwambie muuguzi, kwani huhitaji zaidi ya dozi moja. Nawe mama wa miaka 25 hadi 49, nenda ukapimwe mlango wa kizazi hata kama huumwi. Chanjo ya binti haikukingi wewe.

Mwambie na jirani.