Bunduki si Mzigo wa Kukabidhi Basi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, mzigo wa Busisi hufika Mwanza mjini bila kusubiri kivuko, na wakazi wengi humkabidhi kondakta wa basi. Bunduki haimo katika utaratibu huo, wala gobore la babu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu aliyetajwa. Haihami pamoja na silaha. Hivyo anayetaka kumuuzia ndugu yake aliyeko Magu aanzie Polisi, si stendi. Mnunuzi hupata kwanza kibali chake, kisha makabidhiano hufuata kwa maelekezo ya Polisi. Kondakta akikutwa na kifurushi hicho, atahojiwa yeye kabla ya mtumaji.

Linalotatiza zaidi ni bunduki ya marehemu. Familia huificha darini zikisubiri mirathi, ilhali leseni ilikuwa ya marehemu peke yake. Toeni taarifa kituo cha Polisi kwanza, mwelekezwe namna ya kuifikisha pamoja na risasi zake. Mirathi yaweza kuendelea silaha ikiwa huko.