Upimaji wa Mimumunyo Hafifu kwa Kromatografia ya Gesi

Kromatografia ya gesi hufahamika zaidi kama mbinu ya kutenganisha vijenzi vya mchanganyiko. Hata hivyo, tangu James na Martin walipochapisha kazi yao mwaka 1952, wanakemia wameitumia pia kupima jinsi kitu kinavyohusiana na kimiminika kinachokipokea. Makala haya yanafafanua matumizi hayo ya pili.

Ufafanuzi huo kwa Kiswahili hukwama mapema kwenye kitenzi "yeyuka". Barafu huyeyuka kwa joto. Chumvi nayo husemwa kuwa imeyeyuka majini. Jikoni hapana anayepotoshwa. Maabara ni jambo jingine, kwani katika mbinu hii halijoto hubadilishwa makusudi, na msomaji atadhani kuna yabisi inayogeuka kimiminika. Hapa "yeyuka" linaachiwa barafu. Kwa chumvi linatumika "mumunyika". Kupunguza ukali wa mmumunyo ni "kuzimua", neno ambalo lugha inalo tangu zamani.

Kimiminika kisichovukizika kwa urahisi hupakwa juu ya chembe za yabisi ndani ya mrija, kisha heliamu hupitishwa kwa mkondo usiobadilika. Kimumunyishwa hudungwa kwa kiasi kidogo mno, hata chini ya mikrolita moja, ili kila molekuli yake izungukwe na kimiminika pekee bila kukutana na mwenzake. Kadiri kimiminika kinavyoipenda molekuli hiyo, ndivyo inavyochelewa kutoka. Kutokana na ujazo wa gesi uliohitajika kuitoa, kiasi cha kimiminika, halijoto na kanieneo ya mvuke wa kimumunyishwa, hupatikana kizigeu cha utendaji. Kikiwa 1, mmumunyo ni kamilifu. Kikizidi 1, kimumunyishwa hutoroka kwa wepesi zaidi. Uchafu mdogo hauharibu kipimo, kwa kuwa nao hutenganishwa mrijani. Sifa hiyo haipatikani katika mbinu nyingi nyingine.

Manufaa yake yanaonekana kwa benzeni na saikloheksani. Benzeni huchemka kwenye 80.1 °C na saikloheksani kwenye 80.7 °C, hivyo kuzitenganisha kwa ukenekaji wa kawaida ni kazi bure. Katika sulfolani, kizigeu cha saikloheksani ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha benzeni: benzeni hubaki, mwenzake huondoka. Mhandisi hulijua hilo kwa kipimo cha mrijani kabla ya kujenga mtambo. Kipimo kikirudiwa katika halijoto mbalimbali, hukadiriwa pia joto linalofyonzwa au kutolewa wakati wa kuchanganyika.

Mbinu ina udhaifu wake. Baadhi ya molekuli hunata kwenye uso wa kimiminika au wa yabisi badala ya kumumunyika, kwa hiyo kipimo hurudiwa kwa mirija yenye viwango tofauti vya kimiminika. Isitoshe, kimiminika chenyewe huvukizwa polepole na heliamu. Ndiyo maana mrija hupimwa uzito kabla ya kazi na baada yake.