Matembezi, si mzigo: mke na mume kutoka Tunduma hadi Mosi-oa-Tunya

Hapa Tunduma ukivuka mpaka watu wanakuuliza umepeleka mzigo gani. Nakonde, Zambia, ni ng'ambo tu. Tunakwenda kuuza, kununua, kuzika na kuoza, jioni tumerudi. Mume wangu ni fundi wa malori. Tangu ujana wake anafungua injini za magari yanayokwenda Lusaka, Ndola na Lubumbashi, na madereva wanamsimulia miji hiyo huku yeye kalala chini ya gari. Mimi nauza mchele na maharage, na wateja wangu wengi ni Wazambia. Hata hivyo hatukuwahi kuipita Nakonde tukiwa wawili, bila gunia na bila msiba. Niliposema nataka twende tukaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mawifi zangu waliuliza kama kuna mgonjwa tunamficha.

Hapakuwa na mgonjwa. Tulikuwa na watoto wakubwa, mavuno yameingia, na fedha tuliyoiweka kidogo kidogo. Nayaandika haya kwa sababu wanandoa wengi wa Songwe wanadhani safari ya nje ni ya wafanyakazi wa serikali na Wazungu.

Upande wa karatasi hauna ugumu. Mtanzania haombi viza kwenda Zambia kutembea. Pasipoti tulilipia shilingi 150,000 kila mmoja. Kadi ya njano ya homa ya manjano tulikuwa nayo, na tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yote. Kituo cha pamoja cha mpakani, alichokizindua Rais Magufuli pamoja na Rais Lungu mwaka 2019, kimepunguza mizunguko: anayekwenda Zambia anamalizana na nchi zote mbili upande wa Nakonde. Pale afisa alimuuliza mume wangu anafanya biashara gani huko. "Matembezi," akajibu. Afisa akauliza tena. "Matembezi, ndugu yangu. Mimi na mke wangu."

Saa zinarudi nyuma: ikiwa saa nne Tunduma, Nakonde ni saa tatu, na ratiba za mabasi ni za Zambia. Kwacha badilisheni kwenye duka lenye leseni, na hesabuni wote wawili kabla ya kutoka mlangoni. Mwaka 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, kwa hiyo noti yenye namba ndogo ina thamani kubwa kuliko mzoea shilingi anavyodhani.

Tulipanga hivi: mimi nashika fedha na daftari, yeye anashika karatasi zote na tiketi. Nyumbani mambo ni kinyume, fedha kubwa zinapita kwake. Mpango huu ulitusaidia kuliko chochote tulichobeba.

Reli ya TAZARA inapita hapa hapa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mume wangu aliitamani sana, lakini treni ya abiria siku zake zilikuwa chache, tukachukua basi. Barabara inapita Isoka, kisha Chinsali. Karibu na Chinsali, kwenye misheni ya Lubwa, ndipo alipozaliwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, mwaka 1924. Wazazi wake, David na Helen, walitoka Nyasaland, Malawi ya leo, wakaja kufundisha ugenini. Mama naye alikuwa mwalimu. Niliwafikiria sana wale wawili, dirishani, misitu ya miombo ikipita bila kwisha.

Mpika ndipo tulipobishana. Yeye alitaka tuunganishe usiku kwa usiku kama madereva wake wanavyofanya. Mimi nilitaka tulale. Nyumbani ningenyamaza, au ningempitia mama yake aseme badala yangu. Pale hapakuwa na mama mkwe, mshenga wala jirani. Tukakaa kwenye benchi la stendi na mifuko yetu, tukasemezana mpaka tukaelewana. Tulilala Mpika. Tulikula nshima, ambayo ni ugali wetu uliolainika kidogo, kwa mboga za majani zilizoungwa karanga. Kiswahili kilikuwa kinatuishia, tukatumia Kibemba cha sokoni nilichojifunza kwa wateja. Yeye, fundi anayeheshimika Tunduma nzima, alikuwa ananisubiri nimwombee maji ya kuoga. Alilipokea hilo vizuri, na nilimpenda upya.

Lusaka tuliipita haraka. Kelele zake tunazo hapa kwenye foleni ya malori. Kutoka pale hadi Livingstone, mji wa maporomoko, ni karibu kilomita 480, mnapita mashamba ya miwa ya Mazabuka, kisha Monze na Choma.

Maporomoko yenyewe yana upana wa mita 1,700 hivi, na maji yanaanguka mita 108. Tulikwenda Juni, maji yakiwa bado mengi. Atakayefika Oktoba au Novemba upande wa Zambia ataona zaidi miamba mitupu. Tulikodi makoti ya mvua na bado tulilowa mpaka ndani. Nilipiga kelele kwa furaha, na hakuna aliyeniambia mama mtu mzima nyamaza.

Yeye kilichomkamata ni daraja la reli, lililomalizika 1905. Vyuma vyake vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi Beira, halafu kwa treni. Alisimama akiangalia ribiti moja moja, akanieleza uzito unavyogawanyika kwenye tao. Miaka yote sikuwahi kumuuliza kazi yake inamfurahisha kwa nini. Nilimuuliza pale, na jibu lilikuwa refu, mpaka jua likaanza kushuka upande wa Zimbabwe.

Sasa tunaiwazia Malawi. Tutapita Mpemba hadi Isongole wilayani Ileje, tuvuke kwenda Chitipa, kisha tushuke Karonga ziwani. Safari hii anataka kushika fedha yeye. Nimekubali, ila daftari linabaki kwangu, na pa kulala tutaamua wote wawili kabla basi halijaondoka.