Chura wa Kihansi na Jina Lake

Mtu akitaja chura, kila mmoja wetu anamwona wake: wa kisimani, wa shambani, wa bwawani. Katika mazungumzo ya kawaida hilo linatosha. Wataalamu wa viumbe haliwatoshi, kwa sababu aina za vyura ni maelfu na kila lugha inawaita kivyake. Kwa hiyo hutumia majina mawili ya Kilatini, utaratibu ulioenezwa na Msweden Carl Linnaeus katika karne ya 18. La kwanza ni kama jina la ukoo. La pili humtambulisha kiumbe mwenyewe.

Mfano tunao hapa kwetu. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira ya mradi wa umeme wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, walimkuta chura mdogo wa manjano, asiyefika sentimita tatu. Hatagi mayai, huzaa watoto walio kamili. Makazi yake yalikuwa penye rasharasha za maporomoko tu, eneo la hekta mbili hivi. Wataalamu, akiwamo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakampa jina Nectophrynoides asperginis. Neno hilo la pili maana yake ni "wa rasharasha".

Basi jina lenyewe linaeleza anachohitaji ili aishi. Ilipofika mwaka 2000 maji mengi yalikwisha elekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Waliobaki waliwekewa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha bondeni kwao.

Wapo wanaouliza: umeme na chura, bora kipi? Swali hilo naliheshimu, maana gizani hakuna maendeleo. Lakini chura huyu alijulikana ujenzi ukiwa umekwisha anza. Angalikuwa na jina miaka kumi kabla, mgawo wa maji ungaliweza kupangwa naye akihesabiwa. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Kwa maoni yangu, watafiti watangulie, matingatinga yafuate.