Kazi za Shamba Kabla ya Mvua ya Vuli

Mwezi wa Septemba katika nchi ya Ukambani huonekana kuwa mwezi wa kupumzika. Ardhi imekauka, mahindi ya masika yamekwisha vunwa, na mbinguni hakuna dalili ya wingu. Walakini mkulima angojaye tone la kwanza ndipo ashike jembe, atakuwa amekwisha poteza sehemu ya mavuno yake. Yafaa aelezwe sababu.

Mvua ya vuli huko Machakos, Makueni na Kitui huanza kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba na kupungua katika Desemba. Ni fupi, lakini ndiyo itegemewayo zaidi kuliko ile ya Machi. Tena liko jambo lililo ndani ya udongo wenyewe. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Muguga, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukilowana tena, vijidudu vilivyomo huamka na kuiozesha mboji kwa haraka. Ndipo chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni kinapotolewa kwa wingi, kwa muda wa siku chache tu. Mbegu iliyomo ardhini wakati huo hufaidi. Ile iliyochelewa wiki 2 hukuta chakula kimezamishwa chini na maji, au kimeliwa na magugu.

Basi kazi kubwa ni kulima sasa. Hapa ndipo wengi hushindwa, wala si kwa uvivu: maksai wa Septemba wamekonda kwa kukosa malisho, hawawezi kuvuta plau katika udongo mgumu. Kwa hiyo mabua ya mahindi yasichomwe moto, bali walishwe wao. Asiye na maksai wenye nguvu na achimbe mashimo kwa jembe, sentimita 90 baina ya mistari na 30 baina ya mashimo, mistari ikikingama mteremko, na kila shimo alitie konzi ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche.

Mitaro ya matuta, ile iitwayo fanya juu kwa sababu udongo wake hutupwa upande wa juu, izolewe mchanga. Tuta likibomoka mahali pamoja, maji yake huyavunja na yaliyo chini yake.

Mbegu nazo zijaribiwe. Funga 10 katika kitambaa chenye unyevu. Zisipoota 8 au zaidi, tafuta nyingine. Mahindi ya Katumani, yenye jina la kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos, huiva kwa miezi 3 hivi, nayo yaielekea mvua fupi.

Mboga, kama kabichi na sukuma wiki, ziwe zimesiwa kitaluni kabla ya wiki ya mwisho ya Septemba kupita, ili miche ifikie wiki 4 au 5 mvua inyeshapo. Kitalu kifunikwe kivuli cha majani.

Wako wapandao mahindi katika vumbi kabla ya mvua. Ni desturi njema, ila manyunyu ya uongo huweza kuiotesha mbegu kisha jua likaiua. Kwa maoni yetu, mkulima apande hivyo sehemu tu ya shamba, aifukie mbegu chini zaidi kuliko kawaida, na nyingine aiweke akiba mpaka mvua yenyewe ishike.