Kisonono cha Mtoto si Siri ya Ukoo

Mama wa Rondo aonapo usaha katika nguo ya binti yake wa miaka sita, majirani humwambia ni uchafu, au ni chango. Huchemshwa mizizi, mtoto huogeshwa, nguo hufuliwa. Huenda majirani wamesema kweli, maana minyoo na fangasi huwapata hata watoto wasioguswa na mtu. Lakini huenda pia ushahidi ndio uliofuliwa.

Sisi si madaktari, ila jambo hili yatupasa kulieleza. Mtoto mchanga aweza kuambukizwa kisonono na mama yake wakati wa kuzaliwa, na mara nyingi huonekana machoni. Aliyekwisha vuka uchanga akikutwa nacho, madaktari ulimwenguni kote huhesabu kuwa ni dalili kubwa kwamba amenajisiwa. Kaswende na virusi vya UKIMWI vyataka mama naye apimwe, kwani mtoto aweza kuzaliwa navyo. Kwa hiyo kipimo cha maabara ni lazima. Macho ya jirani hayatoshi kumtia mtu gerezani.

Tena liko kosa la upande wa pili. Watoto wengi walionajisiwa hawaonyeshi ugonjwa wala jeraha, na cheti cha daktari kisicho na dosari hakimfanyi mtoto kuwa mwongo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliiruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kuwa asema kweli. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha.

Linalotuudhi ni kile kikao cha usiku, ambapo wazee wa koo mbili hupatana fedha na kesi ikafia uani. Balozi wa nyumba kumi, ndugu yetu katika Chama, asiketi humo hata kwa heshima ya mjomba wake. Kazi yake ni kuona mtoto anateremshwa mlimani siku ile ile, Nyangao au Lindi, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yapasa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Polisi watoe hati ya PF3. Nguo isifuliwe, ifungwe katika karatasi. Simu ya 116 hupokea habari za watoto bila malipo.

Na nauli? Barabara ya Rondo wakati wa mvua twaijua, na bei ya pikipiki twaijua. Itoke katika mfuko wa tawi.