Kushuka Mlima kwa Gia, si kwa Breki

Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua hubadili sura ya barabara za udongo zinazopanda milima ya Undali wilayani Ileje. Njia iliyokuwa vumbi mwezi Septemba hugeuka utelezi, na maji huchimba mifereji katikati yake. Katika majira hayo, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ndilo aghalabu linalofikisha dawa katika zahanati, mama mjamzito katika hospitali ya Itumba na mazao sokoni.

Hata hivyo, uwezo wa gari hilo una mpaka. Magurudumu manne yanayovuta husaidia kupanda, lakini hayaongezi nguvu ya breki wakati wa kushuka. Dereva aliyepanda bila shida huweza kudhani kuwa atashuka vivyo hivyo, na dhana hiyo ni ya hatari.

Kabla ya kuingia mlimani

Dereva anashauriwa kusimama mahali tambarare, kushuka na kuikagua njia kwa miguu: mifereji, mawe, kina cha tope na mahali pa kupishana. Magurudumu yote manne yaunganishwe hapo hapo, kabla gari halijaanza kuteleza. Gari likirejea kwenye lami kavu, kama ile ya barabara ya Mpemba hadi Isongole, dereva arudi kwenye magurudumu mawili iwapo gari lake ni la aina inayotaka hivyo, kwa kuwa mfumo wa ekseli huelemewa kwenye ardhi isiyoteleza.

Wakati wa kushuka

Gia nzito huchaguliwa juu ya mlima, si katikati ya mteremko. Katika gia hiyo injini huzunguka mara nyingi huku magurudumu yakizunguka polepole, hivyo injini yenyewe hulizuia gari. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto na kupungua nguvu. Kwenye tope, breki ikikanyagwa kwa nguvu magurudumu hujifunga, na gurudumu lililojifunga halifuati usukani.

Ni marufuku kwa dereva makini kushuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, au kukanyaga klachi katikati ya mteremko. Gari likianza kuteleza, breki iachiwe na mafuta yaongezwe kidogo sana, mpaka magurudumu yashike tena ardhi na usukani utii.

Gari likishindwa kupanda

Ajali nyingine huanza pale dereva anapojaribu kugeuza gari katikati ya mlima. Gari lililokaa ubavu kwenye mteremko hupinduka kwa urahisi. Njia salama ni kushikilia breki, kuingiza gia ya kurudi nyuma iliyo nzito, kisha kuachia klachi na breki taratibu na kurudi kwa mstari ulionyooka hadi mahali tambarare. Mtu anayeelekeza asimame pembeni ambapo dereva anamwona, kamwe si nyuma ya gari. Vivyo hivyo, anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu afanye hivyo baada tu ya gari kusimama kabisa.

Abiria na mizigo

Mzigo uliorundikwa juu huinua kitovu cha uzito, na gari huyumba hata kwenye mteremko mdogo. Vitu vizito vikae chini na vifungwe imara. Watu wasipandishwe juu ya magunia. Penye kipande kibaya, abiria wenye uwezo washuke na kutembea. Dakika chache za miguu ni nafuu kuliko majeraha ya maisha. Abiria anayo haki ya kumwomba dereva asimame ashuke, na dereva mwenye busara hataona ombi hilo kuwa dharau.

Taarifa za uharibifu

Barabara za wilaya husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Mwananchi anayeona daraja lililobomoka, kalavati lililoziba au ukingo uliomeguka atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kata, akitaja kitongoji na alama iliyo karibu. Wakati taarifa ikifanyiwa kazi, matawi ya miti yawekwe pande zote mbili, mbali kidogo na shimo, ili dereva anayeshuka apate nafasi ya kusimama.